Maji "Yaliyopotea" Nyakitonto: Hitilafu Ilikuwa Ndani ya Kisanduku



Katika taarifa zetu mbili zilizopita tuliwaarifu kwamba mradi wa maji ya mserereko katika kijiji kimojawapo cha eneo la Nyakitonto unapoteza maji kila jioni kwenye kituo cha sokoni, na kwamba kamati ya maji "inachukua hatua zinazostahili". Hatua yenyewe ilikuwa kumsimamisha kazi mama anayehudumia kituo hicho. Leo tunawajibika kuandika tena juu ya jambo hilohilo, kwa sababu maji yale hayakupotea. Hitilafu ilikuwa ndani ya programu ya kompyuta inayosoma dira za maji, na mhudumu hakuiba hata ndoo moja. Kwa kuwa habari ya upotevu ilitoka katika ofisi yetu, tumeona ni haki na maelezo ya kosa yatoke hapahapa, tena kwa urefu wa kutosha kumwezesha mwanakamati yeyote kuyaeleza kwa wenzake.

Tunajua wengine watauliza ofisi ya miradi imeanza lini kufundisha mambo ya waya. Tutajitahidi kuwa wepesi. Ila kisanduku cha aina hii kimefungwa pia katika miradi yetu miwili upande wa Kibondo, hivyo suala hili si la Nyakitonto peke yake.

MFUMO ULIVYOFUNGWA

Maji yanatoka kwenye chemchemi mlimani na kushuka kwa mserereko hadi kwenye tenki, kisha yanakwenda kwenye vituo viwili vya kuchotea: kimoja sokoni, kingine karibu na shule. Pana dira tatu. Dira kuu ipo kwenye bomba linalotoka tenkini, na kila kituo kina dira yake. Dira hizo zimeunganishwa kwa waya mmoja hadi kwenye kibanda cha tenki, ambako kuna kisanduku chenye kompyuta ndogo inayotumia umeme wa jua. Mara kwa mara kisanduku huziuliza dira zote, moja baada ya nyingine, "umepitisha maji kiasi gani?" na kuandika jibu. Saa 12:30 asubuhi husoma tarakimu za kufungulia, na saa 12:30 jioni tarakimu za kufungia. Baada ya hapo hutuma hesabu ya siku kwa mtandao wa simu hadi ofisini kwetu Kasulu.

Tulikifunga kisanduku hiki kwa nia njema. Wafadhili walitaka takwimu za kila siku, na kamati ilichoka na madaftari yanayolowa mvua. Tuliwaambia wahudumu kwamba tangu sasa hawana haja ya kuandika. Mhudumu wa sokoni hakutusikiliza, akaendelea na daftari lake la kurasa 64, akichora kijistari kwa kila ndoo ya lita 20. Tutalirudia daftari hilo.

MASHINE HAINA NDUGU

Miezi michache baada ya kufunga mfumo, hesabu zilianza kuonyesha kwamba dira kuu inatoa maji mengi kuliko yanayopokelewa na vituo viwili. Tofauti ilikuwa uniti mbili, siku nyingine tatu. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Kwa bei ya shilingi 50 kwa ndoo, ni shilingi 5,000 hadi 7,500 kwa siku, na kwa kijiji hicho hizo ni fedha za kununulia koki na kulipa mlinzi wa chemchemi. Mafundi walikagua bomba lote wakaona halivuji. Kituo cha shule kilikuwa sawa kila siku. Tofauti yote ilikuwa upande wa sokoni, tena jioni tu, wakati watu wanapotoka shambani na foleni kuwa ndefu. Zaidi ya hayo, haikuwa kila siku. Pengine siku tatu zilipita shwari, kisha siku mbili zikawa na pengo.

Mambo hayo yote yalimwelekea mtu. Bomba bovu huvuja mchana na usiku, lakini mtu huchagua saa na siku. Katika kikao cha kamati, ambacho mmoja wetu alihudhuria, mama alijitetea kwamba fedha zote alikabidhi. Mwenyekiti akamjibu, "Mama, mashine haina ndugu." Naye akasema, "Mwenyekiti, hata daftari langu halina ndugu." Watu walicheka. Hakuna aliyeomba kuliona daftari. Alisimamishwa kazi siku hiyo, na mwakilishi wetu alikubaliana na uamuzi huo.

Lipo jambo moja lililokuwa wazi mbele ya macho ya wote tangu mwanzo, na tunaliandika kwa aibu. Fedha alizokuwa anakabidhi mama huyo zilikuwa nyingi kuliko mauzo yaliyoandikwa na mashine kwa kituo chake. Mhazini aliliona hilo na kuliingiza katika leja chini ya neno "ziada". Mwizi wa maji hukabidhi pungufu. Huyu alikuwa anakabidhi zaidi. Lakini kikaoni ilielezwa kwamba anarudisha kidogo ili kujifunika, na sisi tulioelimika tulitikisa kichwa kukubali.

Aliwekwa mhudumu mwingine. Pengo liliendelea kama kawaida. Ikasemwa kwamba huyu mpya amefundishwa na wa zamani.

FUNDI ANAPOKUJA MCHANA

Kijana wetu fundi, aliyesomea umeme VETA, alikwenda mara tatu kukagua kisanduku. Kila mara alisafiri kwa pikipiki kutoka Kasulu asubuhi, akaziuliza dira kwa mkono, zikajibu vizuri, akaandika "mfumo mzima" na kurudi kabla giza halijaingia. Safari ya tatu alimkuta mama aliyesimamishwa akichota maji kama wateja wengine. Akamwambia, "Mwanangu, wewe unakuja mchana. Maji yanapotea jioni. Lala huku ujionee."

Alilala. Kwanza alifanya jambo ambalo kila mmoja wetu angeweza kulifanya: alifungua kifuniko cha dira ya sokoni akasoma tarakimu zilizo usoni mwake, kwa macho. Dira haisahau, tarakimu zake zinapanda tu. Baada ya siku kumi alizisoma tena, akalinganisha na daftari la vijistari, kwa kuwa mhudumu mpya alikuwa ameelekezwa na mama kufanya vilevile. Vikakaribiana kiasi cha ndoo chache. Dira ilikuwa imehesabu maji yote, na kila ndoo iliyopita ilikuwa imelipiwa. Kwa hiyo kilichopotea kilipotea baada ya dira kusema na kabla ya kompyuta kuandika.

Hapo ndipo alipounganisha kompyuta mpakato kwenye waya uleule, kwa kifaa kidogo ambacho kinasikiliza tu na hakisemi kitu. Ilipofika saa 12:30 jioni, kompyuta mpakato ilisikia swali la kisanduku, ikasikia na jibu la dira ya sokoni, kamili. Kisanduku kwa upande wake kiliandika kwamba dira haikujibu. Kiliuliza mara tatu, kikajibiwa mara tatu, na mara zote hakikusikia.

MFANO WA SIMU YA UPEPO

Wazee wa Kasulu na Kibondo hawahitaji maelezo marefu hapa. Miaka ya 1990, wakati wa wimbi la wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1993 na kutoka Kongo mwaka 1996, mawasiliano kati ya kambi, zahanati, misheni na ofisi za mashirika yalikuwa kwa simu ya upepo. Ukitaka kusema unabonyeza kitufe. Ukimaliza unasema "ova" na kukiachia ili umsikie mwenzako. Watu wawili hawawezi kusema kwa pamoja. Ukiachia kitufe mapema, neno lako la mwisho linakatika. Ukichelewa kukiachia, mwenzako anaanza kujibu wewe ukiwa bado umebonyeza, na mwanzo wa jibu lake hauusikii kabisa. Wengi wetu tuliwahi kusikia "...tatu za unga" bila kujua ni tani tatu au gunia tatu.

Waya wa dira zetu unafanya kazi hivyohivyo. Ni waya wa kiwango kinachoitwa RS-485, kilichochapishwa mwaka 1983, ambacho huweza kufika mita 1,200 na kubeba vifaa vingi katika jozi moja ya nyaya, kwa sharti kwamba anasema mmoja kwa wakati. Lugha inayosemwa humo inaitwa Modbus, iliyotungwa mwaka 1979 kwa ajili ya mashine za viwandani. Ni teknolojia ya zamani, rahisi na imara, na tusingependa msomaji adhani kwamba ndiyo mbovu. Kisanduku nacho kina "kitufe" chake, swichi ya kielektroniki inayokitoa katika kusema na kukiweka katika kusikiliza.

Kazi ya kubonyeza na kuachia kitufe hicho inafanywa na programu ndogo ambayo mafundi wanaiita draiva. Draiva ndiyo inayosimama kati ya kompyuta na kifaa kilicho nje yake. Programu kubwa inasema tu "isomee dira namba mbili", na draiva inajua kifaa kinazungumzaje, kwa kasi gani, na lini ni zamu ya nani.

Sasa tuangalie saa. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Waya wetu unakwenda kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, na kila herufi moja hubeba biti 11, kwa hiyo herufi moja huchukua milisekunde 1 na kitu kidogo. Swali la kisanduku lina herufi 8, kama milisekunde 9. Jibu la dira lina herufi 9, kama milisekunde 10. Kati ya swali na jibu lazima uwepo ukimya wa angalau herufi tatu na nusu, yaani milisekunde 4 hivi, ili kila kifaa kijue kwamba sentensi imekwisha. Dira za vituoni ni mpya na nyepesi: zinaanza kujibu baada ya milisekunde 5 tu. Kisanduku kina milisekunde 5 za kuachia kitufe, wala si zaidi.

Draiva ya mwuzaji ilikuwa imeandikwa hivi: bonyeza kitufe, tuma swali, kaa ukiitazama chipu ya mawasiliano mpaka imalize, kisha achia. Kompyuta ikiwa haina kazi nyingine, hilo linafanyika chini ya milisekunde moja na dira inasikika. Lakini kompyuta ndogo, kama mhudumu mmoja wa kaunta, hugawa zamu kwa programu zake zote. Draiva hiyo ilikuwa imewekwa kwenye foleni ya zamu kama programu yoyote ya kawaida. Programu nyingine ikipewa zamu, draiva inasubiri milisekunde 10, pengine 20, huku kitufe kikiwa kimebonyezwa. Dira inaanza kujibu kwenye milisekunde ya 5. Kitufe kinaachiwa kwenye ya 10. Herufi nne za mwanzo zimekwisha kupotea, na kompyuta inapokea mkia wa sentensi usio na kichwa. Modbus ina herufi mbili za uhakiki mwishoni mwa kila sentensi. Hesabu yake haikubali, sentensi yote inatupwa.

Na ni lini kompyuta ilikuwa na kazi nyingine? Saa 12:30 jioni, wakati programu ya kutuma taarifa Kasulu inapoamka. Mtandao ukiwa mzuri inatuma na kulala. Mtandao ukiwa mbaya inahangaika na modemu, inajaribu na kujaribu tena, ikila zamu zote. Ndiyo sababu pengo lilitokea siku kadhaa na siku nyingine halikutokea: lilifuata ubora wa mtandao wa simu, sisi tukadhani linafuata tabia ya mtu.

MBONA DIRA KUU HAIKUKOSEA?

Swali hili aliuliza mhazini, na tunampongeza, kwani ndilo lililofungua sehemu iliyobaki. Kama kisanduku kilikuwa kiziwi saa 12:30 jioni, kilisikiaje dira kuu?

Dira kuu ni ya zamani, ya kampuni nyingine, na ni nzito kujibu. Ikiulizwa hukaa milisekunde zipatazo 40 kabla ya kusema neno la kwanza. Uzito huo ndio uliyoiokoa, maana hata draiva ikichelewa milisekunde 20, inakuwa imeachia kitufe zamani. Dira mpya, tulizozinunua kwa bei kubwa zaidi kwa sababu ni bora, ndizo zilizokosa kusikika kwa kuwa zilijibu upesi.

Na kituo cha shule? Nacho hakikusomwa jioni hizo. Lakini shule ikifungwa hakuna anayechota pale; tarakimu ya saa 11:00 jioni na ya saa 12:30 jioni ni ileile. Hapa lazima tuseme jambo baya kuliko ule uchelewaji wenyewe. Programu ya hesabu ilipokosa tarakimu ya kufungia, haikuandika kwamba imeikosa. Ilichukua tarakimu ya mwisho iliyokuwa nayo, ya saa 11:00, na kuiweka mahali pa ile ya 12:30, kimyakimya. Kwa shule haikuleta tofauti. Kwa sokoni ilifuta saa moja na nusu yenye foleni kubwa kuliko zote. Asubuhi yake dira ilisomwa upya ikiwa imepanda, na kwa kuwa siku mpya ilianza na tarakimu hiyo mpya, maji ya jioni hayakuwa ya jana wala ya leo.

Kuchelewa kwa milisekunde ni kosa la kibinadamu la fundi wa programu, na tunaweza kulivumilia. Kuziba tundu la hesabu kwa namba ya zamani ili taarifa ionekane imejaa, hilo tunaliita uongo, hata kama aliyeliandika hakuwa na nia ya kudanganya.

DAWA YA KWANZA ILIZIDISHA UGONJWA

Kwa muda wa haraka fundi wetu alizibadilisha dira za vituo, zikawa zinasubiri milisekunde 60 kabla ya kujibu. Kuna kipengele cha kuziagiza hivyo. Pengo likatoweka jioni hiyohiyo, na wengine walishauri tuishie hapo. Hatukukubali, kwa kuwa siku tukinunua dira isiyo na kipengele hicho tutarudi tulikotoka, na hakuna anayejua kompyuta yenye kazi nyingi zaidi itachelewa kiasi gani.

Tukaiandikia kampuni iliyotuuzia kisanduku, na tukaambatanisha rekodi ya kompyuta mpakato. Baada ya kuandikiana kwa muda, walituma draiva mpya. Tuliifunga asubuhi, kufika saa 4 hakuna dira hata moja iliyokuwa inajibu, ikiwemo ile kuu.

Rekodi ilionyesha kwamba sasa kitufe kinaachiwa mapema. Chipu ya mawasiliano ina ishara mbili za kusema "nimemaliza". Ya kwanza humaanisha "nimepokea kutoka kwako herufi ya mwisho". Ya pili humaanisha "herufi ya mwisho imekwisha kutoka mlangoni". Kati ya hizo mbili kuna muda wa herufi moja nzima, milisekunde moja na kidogo. Draiva mpya ilisubiri ishara ya kwanza, ikaachia kitufe, na herufi ya mwisho ya swali ikafia njiani. Dira zikasikia swali lililokatika, uhakiki ukakataa, zikanyamaza. Ni yule mtu wa simu ya upepo anayeachia kitufe wakati neno la mwisho lingali mdomoni.

Toleo lililofuata ndilo linalofanya kazi hadi leo. Kwanza, kazi ya kitufe imetolewa kwenye foleni ya zamu na kuwekwa ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo chipu yenyewe huiamsha draiva bila kusubiri programu nyingine imalize. Kisanduku kinatumia Linux, na Linux ina utaratibu wa kusimamia nyaya za RS-485 kwa namna hiyo kwa miaka mingi. Mwuzaji alikuwa hakuutumia. Pili, kitufe kinaachiwa kwa ishara ya pili, si ya kwanza. Fundi alizirudisha dira kwenye milisekunde zake 5, akaipa kompyuta kazi nzito ya makusudi, akaacha iulize dira kila sekunde 10 usiku kucha. Asubuhi hakukuwa na swali hata moja lililokosa jibu.

SI NYAKITONTO TU

Tulipokuwa tunahangaika tulifarijika, kama ni faraja, kukuta kwamba makosa ya namna hii yamewapata wakubwa. Mwaka 1998 zilipotoka chipu za AMD K6-2 za megahezi 350 na zaidi, kompyuta zenye Windows 95 zilianza kugoma kuwaka. Draiva za mfumo zilikuwa zinapima muda kwa kuzungusha hesabu na kuangalia imechukua muda gani. Chipu mpya ilizimaliza hesabu upesi mno hata muda ukaonekana ni sifuri, na kompyuta ikajikuta inagawanya kwa sifuri. Waliopokea kompyuta za msaada miaka ile huenda waliziona, wakadhani zimeharibika safarini.

Mwaka 2013 watunzaji wa Linux waligundua kwamba draiva ya USB imekuwa ikikisoma vibaya kipengele kimoja cha kanuni. Kanuni ilisema kifaa kilichoamshwa kutoka usingizini kipewe angalau milisekunde 10 za kujiweka sawa. Draiva ilizichukulia milisekunde 10 kuwa ndio mwisho wa kusubiri. Vifaa vilivyohitaji zaidi ya hapo vilihesabiwa kuwa vimechomolewa, na lawama zilikuwa zinaelekezwa kwa vifaa.

Mfano wa tatu hauhusu draiva, lakini ndio uliotunyima usingizi. Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kesi nyingi zikitegemea hesabu za mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta mapengo hayo, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zao kwa jumla. Nchi yenye mawakili na wakaguzi wa kila aina ilichukua miaka ishirini. Sisi tulichukua wiki sita, na si kwa uhodari wetu: ni kwa sababu mama mmoja hakuacha kuchora vijistari.

YALIYOBADILIKA

Programu ya hesabu sasa ikikosa tarakimu huandika "haikusomwa", na taarifa inayotufikia huwa na nafasi tupu. Tunawaomba wafadhili wetu wasishtuke wakiona nafasi tupu katika majedwali ya robo mwaka. Tumeomba wenyewe ziwepo. Muda wa kutuma taarifa umesogezwa hadi saa 2 usiku. Kila mwisho wa mwezi wajumbe wawili wa kamati, mmoja wao asiwe mhazini, wanasoma tarakimu usoni mwa dira na kuziandika kwa wino. Madaftari yamerudi. Na neno "ziada" haliruhusiwi tena katika leja bila maelezo yaliyosainiwa, kwani fedha zinazozidi ni swali sawa na fedha zinazopungua.

Mama amerudi kazini. Alipoitwa ofisini kuombwa radhi alikataa kuombewa radhi ofisini. Alisema alituhumiwa mbele ya mkutano, basi na isemwe mbele ya mkutano. Ilisemwa, na mratibu wenu ndiye aliyesimama kusema, akifuatiwa na mwenyekiti. Baadaye mama aliuliza kuhusu posho ya zile wiki sita. Kamati haikuwa na fungu hilo. Tumeilipa kutoka fungu la dharura la mradi, na risiti ipo katika taarifa ya fedha ya robo hii, mstari wa mwisho. Kama yupo mfadhili asiyeridhika na matumizi hayo, atuandikie.

Kwa kamati mbili za Kibondo zenye kisanduku kama hiki: fundi atafika kwenu kubadilisha draiva kabla mvua hazijakata barabara. Mpaka afike, msitumie tarakimu za jioni zinazotoka kwenye kisanduku kumhukumu mtu yeyote. Fungueni kifuniko cha dira asubuhi na jioni, someni kwa macho, andikeni. Na kama kuna mhudumu aliyesimamishwa kwa sababu ya hesabu hizo, tujulisheni jina lake kwa barua au mpigieni mratibu simu wiki hii.